Toeni Redio Kwenye Katoni

Wanaosema redio imekufa waje kwangu Butembo saa sita mchana. Nitawapa kiti na chai, kisha wakae kimya wasikilize. Wakiondoka na maneno yaleyale, basi nitakubali kwamba mimi ni bibi kizee aliyepitwa na wakati. Lakini sijaona bado wa kuyarudia.

Naitwa Masika. Miaka thelathini na zaidi nimetengeneza redio, kwanza Beni, halafu hapa Butembo katika kibanda cha mbao kando ya soko. Sasa nimeacha. Macho hayatofautishi tena rangi za nyaya ndogo, na mkono unatetemeka nikishika chuma cha kulehemu. Ulimi ndio haujastaafu, na kwa kuwa nyinyi vijana hamtaki kukaa na wazee ila mkitaka kuombewa, nimeamua kuwaandikia. Nataka kuwaambia juu ya redio moja ya kuzungusha kwa mkono, jinsi nilivyoipima, na kwa nini niligombana na mtaa mzima kwa sababu ya makatoni.

Aliyeileta ni Kambale, mtoto wa kaka yangu. Ni mfanyabiashara, mwenye koti zuri na simu mbili. Jumuiya yetu, yaani nyumba za kilima chetu zinazosali pamoja, ilikuwa imekubaliana kuchanga ili kila nyumba iwe na redio ya siku mbaya. Majirani zetu Waislamu wa chini ya kilima nao waliomba kuingia. Kila mtu hapa anajua siku mbaya ni nini: barabara ya Beni imefungwa, mtandao umekatwa, watu wanashuka na magodoro kichwani, na kila mmoja ana habari yake. Siku hiyo mwenye redio anajua aende upande gani, na asiye nayo anafuata mgongo wa mtu aliye mbele yake.

Kambale aliweka katoni mezani kwangu, akaifungua taratibu kama anayefungua zawadi ya harusi.

"Tantine, hii njo iko muzuri kabisa. Unazungusha minute moja tu, inaongea demi-heure. Iko na tochi, iko na sirène, inachaji mpaka téléphone. Dimanche, kisha misa, useme tu kwa batu: ni bien. Ukisema weye, hakuna mutu ataleta mambo."

"Nani alikuambia inaongea demi-heure?"

"Iko mu papier, Tantine," akasema, akinionesha karatasi iliyokuja na redio.

"Basi acha ninunue papier, na redio urudi nayo."

Alicheka, mimi sikucheka. Alichotaka ni neno langu, na neno langu nililitoa vibaya mara moja, juu ya redio ya namna hiyohiyo. Mdogo wangu Kavira alilipokea jinsi lilivyo, na likamgharimu mume wake. Nitafika huko. Kwanza niwaambie jinsi redio inavyopimwa, maana naona mnanunua vitu kwa kuangalia picha iliyo juu ya katoni.

Aliyenifundisha ni Mzee Salumu wa Beni, Mungu amrehemu. Alikuwa na magari mawili ya kubeba mizigo na kibanda kimoja cha redio, na kibanda ndicho alichokipenda. Mimi nilianza kama mfagiaji. Siku moja nilimwambia ile redio aliyokuwa anahangaika nayo waya wake umekatika karibu na spika, kwa sababu nimeusikia unakwaruza. Aliniangalia, akaweka chuma chini, akasema, "Kuja hapa, kaa." Kuanzia siku hiyo sikufagia tena. Wateja walikuja wakauliza, "Fundi iko wapi?" na mimi nimekaa mbele yao na redio imefunguliwa mapajani. Nilikuwa najibu, "Fundi njo huyu unamuona." Wengine walichukua redio zao wakaondoka. Wengi wao walirudi, lakini moyoni nilikuwa nimewasamehe nusu tu.

Mzee Salumu alikuwa na sheria moja: redio ikinyamaza, usiikimbilie na chuma cha moto. Iangalie, itikise, inuse. Niliidharau sheria hiyo kwa redio ya baba mmoja wa Kayna, iliyokuwa inaongea siku za mvua tu. Nilibadilisha vipande vitatu, nikalehemu mpaka ubao ukawa mweusi, nikamwambia baba wa watu kwamba redio yake imezeeka. Mzee Salumu akaichukua, akainusa, akafungua spika. Mende walikuwa wamezaa mle ndani. Baridi ya mvua ikija walihamia kwenye joto la betri, na spika ikawa huru kuongea. Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mimi nililia, kwa maana nilikuwa nimeuchoma ubao mzima wa mtu bure.

Kwa hiyo redio ya Kambale niliinusa. Haikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, vizuri. Niliizungusha polepole sikio likiwa karibu. Ndani ya redio hizi kuna meno ya gurudumu yanayozungusha dinamo, na meno yakiwa mabaya utasikia yanaruka, tak, tak, katika kila mzunguko. Haya yalinong'ona sawasawa. Nikashika mkono wenyewe wa kuzungushia nikaupinda kidogo upande, maana pale kwenye kiungo ndipo zinapovunjikia. Ulistahimili.

Halafu nikafanya jambo ambalo muuzaji hatawafanyieni hata siku moja. Niliiwasha nikaiacha iongee mpaka ikafa yenyewe. Ilichukua mchana mzima. Muuzaji anakuonesha redio iliyotoka kiwandani na umeme wake tumboni, anazungusha mara mbili tatu, inaongea, wewe unadhani ni ule mzunguko. Iue kwanza, ndipo uizungushe dakika moja ukiangalia saa, na uone itakupa nini. Yangu ilinipa dakika tisa. Nikarudia kesho yake, ikanipa tisa tena na kidogo.

Nilimwita Kambale nikazungusha mbele yake. Ilipozima alitazama simu yake, halafu ile nyingine, kama vile mojawapo ingemwonea huruma.

"Tantine, labda unazungusha polepole."

"Zungusha weye basi, iko na nguvu."

Alizungusha mpaka koti likavuliwa. Dakika kumi.

Sikilizeni, dakika tisa si mbaya. Habari za mchana zinaisha kwa dakika tisa. Kilichonikasirisha ni kuambiwa nusu saa, maana mtu anayekimbia na watoto anapanga nguvu zake kwa kile alichoambiwa. Nilimpa pia Mama Yosefina, jirani yangu mwenye maumivu ya kifundo cha mkono, kwa sababu redio ya nyumba inapimwa kwa mkono dhaifu kuliko yote ya nyumba. Aliweza, akiwa ameiweka mapajani na kuishika kwa kiwiko. Kuchaji simu kwa kuzungusha ni hadithi ya kuwafurahisha watoto. Utazungusha mpaka bega liombe toba, na utapata simu ya kusema "allô" moja tu.

Na ile sirène. Ukibonyeza kitufe chekundu redio inalia mpaka mbwa wa kilima kizima wanaamka. Waliofikiria kitufe hiki wanaishi mahali ambapo mtu akipotea anataka aonekane. Sisi tunapokimbia, tunakimbia kimya, na mtoto anayelia tunampa ziwa hata kama amekwisha achishwa. Nilichukua bisibisi, nikafungua, nikakata waya wa sirène. Kambale alishika kichwa.

"Tantine! Unaharibisha marchandise, mali ya kuuzisha!"

"Ninaponyesha," nikamwambia. "Na zote zitakatwa vile, ao hakuna moja itaingia mu nyumba ya batu hapa."

Sasa nifike kwa Kavira.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa na Paluku, mwanamume mpole mwenye shamba la kakao upande wa Mangina. Walipohamia kule nilitaka kumpa kitu cha kumlinda, na fundi wa redio anatoa nini kama si redio? Niliipata ya kuzungusha kwa mfanyabiashara aliyetoka Kasindi. Niliipima kama nilivyowaambia, ilikuwa nzuri kuliko hii ya Kambale. Nikaifunga tena kwenye katoni yake na povu lake gumu la kuikinga, hata ile karatasi ya plastiki ya kwenye uso sikuibandua. Nikamwambia, "Hii hapana ya kuchezea. Uiweke mu kabati, ni ya siku mubaya."

Mnatujua sisi. Kitu kizuri hatukitumii. Sahani za maua zinangoja wageni, blanketi la harusi linangoja ugonjwa, na godoro jipya linakaa na nailoni yake mpaka nailoni ichanike yenyewe. Nami niliyekuwa nimefungua redio nyingi kuliko vyungu nilivyopika, niliyejua betri inakula nini na inakufa kwa nini, nilisema kama bibi yangu angesema. Kavira ni mtiifu. Aliiweka kabatini chini ya vitenge miaka mitatu, na kila nilipomuuliza alijibu kwa fahari kwamba haijaguswa.

Kisha Ebola ikaingia Mangina. Mwenye kibanda cha kuchajia simu alikimbilia Beni, simu zikazima. Watu wakabaki na maneno ya njiani, na maneno ya njiani yalisema anayeingia katika mahema ya wagonjwa hatoki. Redioni walikuwa wanasema kila siku, kwa Kinande na kwa Kiswahili, kwamba anayefika mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Paluku alipopata homa, Kavira aliitoa katoni chini ya vitenge. Siku mbaya ilikuwa imefika. Akazungusha. Redio haikusema kitu. Akazungusha mpaka kiganja kikafanya malengelenge, akabadilisha mkono, akazungusha.

Betri ikikaa muda mrefu bila kazi inakufa, na redio za aina ile zinapitisha umeme wote kwenye betri kwanza. Betri iliyokufa inameza kila unachozungusha. Ningemwambia tu azungushe dakika mbili kila juma, ingekuwa hai. Nilijua. Sikusema.

Kwa kuamini maneno ya njiani, alimficha Paluku nyumbani siku nne. Alipompeleka mahemani madaktari walijitahidi, lakini alikuwa amechelewa. Kavira alichanjwa na kuangaliwa, hakuugua. Akaja Butembo na watoto wawili na ile katoni, akaiweka kwenye meza yangu ya kazi. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "redio yako hapana kusema kitu." Alijenga ng'ambo ya uzio wangu, tunapeana chumvi na moto, tunaenda misani pamoja, na juu ya ile redio hatukuongea tena. Mimi niliibadilisha betri juma lilelile, ikaongea safi. Sikuwa na uso wa kumrudishia. Niliirudisha katonini, nikaisukuma chini ya kitanda. Kila juma niliivuta nikaizungusha dakika mbili, mlango umefungwa.

Kwa hiyo Jumapili ile, baada ya misa, nilipoingia katika ukumbi wa parokia na kukuta makatoni yamepangwa mpaka dirishani, nilikuwa najua nitakachosema. Kambale alikuwa amesimama pembeni, ameshakata sirène zote kwa mkono wake, Mungu ambariki. Niliwaambia watu ukweli wa redio: inaongea dakika tisa, haichaji simu, mkono wake ni imara, meno yake ni mazuri, mtu wa kawaida anaweza kuinunua bila kujuta. Wakapiga makofi. Nikasema nina sharti.

"Kila mutu atoke hapa na redio mukononi. Makatoni inabakia. Tutayachoma hapa inje."

Mngesema nimetangaza kuchoma ukumbi. Mwenye duka la dawa alisimama akasema katoni ndiyo heshima ya kitu. Mama mmoja akasema ataiweka kwenye uchaga juu ya meko, pale tunapokaushia mahindi ya mbegu, ili isipate unyevu, kwa hiyo anahitaji katoni isipate moshi. Nikamwambia juu ya meko meno ya plastiki yatalainika kabla ya Noeli, na yeye akanijibu kwamba bibi yake aliweka kila kitu pale na kila kitu kilidumu. Kambale mwenyewe alinigeuka.

"Mais Tantine, bila carton hakuna garantie!"

"Garantie ya nani? Utaipeleka kwa nani, siku barabara imefungwa?"

"Mama Masika," akasema mzee mmoja wa mbele, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele, "redio ni ya siku mubaya. Tukiichezea kila siku itakufa mbele ya siku yenyewe kufika. Juu ya nini unatulazimisha?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu la betri, na jibu la betri ni refu. Jibu lenyewe hasa lilikuwa limekaa safu ya nne, limevaa kitenge cha kijani.

Kavira akasimama. Hajawahi kusimama kwenye mkutano.

"Muniache niseme miye," akasema. "Miye nilikuwa na redio kama hii. Nilichunga vizuri sana, mu carton, chini ya bitenge, miaka tatu. Hata mutoto hapana gusa. Siku Paluku alipata homa niliitoa. Ilikuwa mupya kabisa. Ilikuwa mupya na ilikuwa imekufa." Alionesha kiganja chake, kana kwamba malengelenge yalikuwa bado yapo. "Basi mutaweka mu carton, ao mutasikia?"

Kisha akageuka kwangu, na nilijua neno lake linakuja. Nilikuwa nimelingoja miaka yote hiyo, na kusema kweli nilitaka lije. Nilitaka anitaje mbele ya wote, aseme ni nani aliyemwambia aichunge.

"Yaya," akasema, "ile yangu, uliitengeneza?"

"Ndiyo," nikasema. "Siku nyingi."

"Nilijua. Manyumba yetu ni ya mbao. Nakusikia ukizungusha kila juma." Akaketi. "Basi nipe yangu. Hizi mupya bachukue bengine."

Mzee wa mbele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alichukua katoni yake, akatoa redio, akakanyaga katoni kwa kiatu cha Jumapili mpaka ikalala. Yule mama wa uchaga alilalamika mpaka mlangoni lakini alitoka na redio ubavuni kama kuku wa sadaka. Makatoni yaliwaka vizuri. Kambale aliangalia garantie zake zikipanda na moshi, akasema mimi nitamwua, nikamwambia asubiri zamu yake.

Jioni ile kabla ya jua kuzama nilivuta katoni chini ya kitanda, nikapita kwenye uwazi wa uzio. Kavira alikuwa anachambua maharagwe. Niliitoa redio mbele yake. Ile karatasi ya plastiki ya kwenye uso ilikuwa bado ipo. Aliibandua kwa ukucha, polepole, mpaka mwisho, akaikunja na kuitupa motoni pamoja na katoni. Nilimwambia nilimkosea. Nilisema hivyohivyo, kwa maneno mafupi, kwamba nilijua na sikusema. Alisema, "Najua, yaya," akaendelea na maharagwe, na mimi nikaketi nikamsaidia.

Basi nyinyi vijana mnaosoma haya, mnaotuambia simu inatosha, mnaosema bibi anapenda kelele za zamani, sikuwaandikia ili mnihurumie. Nendeni kabatini. Kama kuna redio mle imelala katika povu lake, itoeni leo, izungusheni, na ikinyamaza ipelekeni kwa fundi wakati fundi bado yupo na barabara bado iko wazi. Msiingoje siku mbaya.

Kengele ya parokia ikigonga saa sita, kilima chetu chote kinazungusha. Utasikia meno yananong'ona nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na kwa Waislamu, halafu sauti za habari zinafuatana, nyingine mbele kidogo, nyingine nyuma. Mimi natoka kibarazani na yangu. Ng'ambo ya uzio Kavira yuko na yake, ile ya Mangina. Yeye huanza kabla yangu, na akimaliza dakika mbili anaendelea.